Mgonjwa Asiye na Fishi

Bunia, Mudzi-Pela
Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu

Mama Gracia, mke wangu,

Nakusalimu kwanza, hata kama nimekasirika. Umeamkaje? Mgongo wako umetulia, ule uliokuwa unakusumbua ukitoka kisimani? Gracia ameota meno ya mbele au bado anacheka na pengo? Na mama yako, goti lake linakubali kupiga magoti kanisani? Mimi niko mzima. Nakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi jekundu la hapa, si kwa ugonjwa ninaousoma, usianze kuogopa. Nakula mara mbili kwa siku, foufou na sombe ya majani ya muhogo, na Jumapili ndagala za ziwani, kama gari la Kasenyi limepita salama pale Bogoro. Lisipopita, tunakula sombe tena na kumshukuru Mungu.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga, naambiwa hupatikani. Na zamani, ulipokuwa unapatikana, nyuma ya sauti yako nilisikia mwanaume anacheka. Usiniambie ni redio. Redio hainijui jina, haisemi "musalimie Anguyo." Kicheko cha Ombeni nakijua tangu shule ya msingi, alikuwa anakaa benchi la nyuma yangu na alikuwa anacheka vilevile nilipokosea hesabu ubaoni. Leo ana pikipiki nyekundu, anavuka mpaka kila wiki na vitenge na sabuni, na ukuta wa nyumba yake unapakana na uzio wangu. Uzio wenyewe niliufunga kwa mikono yangu na najua una matundu mangapi.

Nina wivu. Naliandika neno hilo wazi ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Nina wivu na Ombeni, nina wivu na pikipiki yake, nina wivu na fundi anayekushonea kwa sababu anajua vipimo vyako vya mwaka huu na mimi najua vya mwaka juzi. Nina wivu hata na mbwa wa kwetu, maana analala mlangoni kwako na hakuna anayemwuliza amesoma mpaka wapi. Wiki tisa sasa sijasikia sauti yako. Mara ya mwisho, siku mbili baada ya Noeli, ulisema "Sawa," ukakata. Neno moja. Tangu siku hiyo nalizungusha kichwani, nalipindua, nalinusa, natafuta limetoka kinywa gani.

Halafu akaja Kasuku, yule dereva wa lori la samaki wakavu. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimezoea kwenda kwenye kituo cha magari kila Ijumaa kuwahoji watu wanaotoka Ariwara, mpaka wachuuzi wa pale wakadhani mimi ni mtu wa serikali. Nilimkamata Kasuku hata hajazima injini.

"Bibi yangu uliona?"

"Niliona. Iko muzuri, iko ananenepa kidogo."

"Ulimuona wapi?"

"Juu ya pikipiki ya Ombeni. Alikuwa anavaa kitenge ya bulu, walikuwa wanashuka kwa soko."

"Alikuwa anashika wapi? Anashika kiti ao anamushika Ombeni?"

Kasuku aliniangalia sana. Akasema, "Muganga, mi nilikuwa nazunguka na lori pale kwa kona. Nilikuwa naangalia barabara." Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta. Kile kitenge cha bluu nilikinunua mimi. Nilikaa siku tatu nakiona kinapepea barabara nzima.

Sasa lazima nikueleze memwari yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, hata kama safari iliyopita ulisinzia na simu sikioni. Safari hii usisinzie, umo ndani yake.

Nimechukua madaftari ya wagonjwa wa kifua kikuu wa kambi moja upande wa Bule, watu waliokimbia vijiji vyao vya Djugu. Muuguzi wa kambi aliyaleta Bunia kichwani siku alipokimbia. Aliacha sufuria akabeba madaftari. Dawa ya ugonjwa ule inamezwa miezi sita bila kuruka. Swali langu ni hili: mgonjwa anakaa na dawa muda gani kabla ya kuiacha, na ni nini kinamfanya aiache mapema? Hesabu yake inaitwa uchambuzi wa kuishi, ingawa kwangu mimi "kuishi" ni kuendelea kumeza dawa, na "kufa" ni kuacha. Kila mtu ana siku ya kuanza na siku ya mwisho, na pembeni kuna kisanduku cha tukio: moja ikiwa ameacha, sifuri ikiwa hajaacha. Kisha inakuja regresio. Hiyo inaweka mambo yote mezani, umri, umbali wa kituo, ndoa, mwenzake yuko karibu au mbali, halafu inapima kila jambo peke yake huku mengine yametulizwa, na inakuambia lipi linaongeza hatari ya mtu kuacha.

Mwanaume mwenye wivu usimpe chombo cha namna hiyo.

Mchana mmoja wa mwezi wa pili kulikuwa na umeme katika chumba cha mashini za kompyuta pale fakulte, na mashini moja ilikuwa huru. Nikaingiza wagonjwa wangu wote, nikaiambia ihesabu. Jibu likatoka: wanaoacha mapema kuliko wote ni wanawake walioolewa ambao waume zao wako mbali. Mama Gracia, nilisimama. Nilikaa tena. Niliona sasa hata sayansi inajua habari za Ariwara.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sitalisahau. Nilirudi kwenye orodha ya wagonjwa, nikashuka mpaka chini kabisa, nikaongeza mstari mmoja. Mwanamke. Ameolewa. Mume mbali. Siku ya kuanza: siku padri alipotufungia ndoa. Siku ya mwisho: siku ya lile "Sawa" lako. Kwenye kisanduku cha tukio nikaandika moja. Ameacha. Jina sikuweka, niliweka herufi za mwanzo za majina yako mawili, Ayikoru na lile la ubatizo: A.C. Mashini haikubisha. Ilihesabu na wewe ndani, ikaleta jibu lilelile, na mimi nikasema basi, imethibitishwa.

Jioni ileile niliandika barua. Sikukuandikia wewe. Nilimwandikia baba yako. Nilimwomba aite wazee wa pande zote mbili, wakae, kwa sababu binti yake ameiacha nyumba yangu. Niliandika "ameiacha," si "nasikia," si "nadhani." Nilimpa Kasuku, akaibana kwenye kizuia-jua juu ya kioo cha lori, na lori likaondoka na konvoi ya asubuhi, yale magari yanayosindikizwa na askari.

Soma polepole hapo. Barua hiyo iko njiani. Ndiyo sababu ya hii.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kuonyesha kazi mbele ya darasa. Anayeniongoza ni mama mmoja, mwalimu wetu mwenye cheo cha chef de travaux, sisi tunamwita CT tu. Ni mtu mfupi, anavaa miwani yenye kamba shingoni, na haongezi sauti hata siku moja. Ndiyo maana tunamwogopa. Orodha yangu yote ilikuwa ukutani, imekuzwa na projekta. Yeye alikuwa anaishuka na kalamu, mstari kwa mstari, na mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa kilichoko chini. Kweli nilisahau. Nilikuwa najifurahia na mistari ya grafu yangu inayoshuka kama ngazi.

Akafika mwisho. Akasimama.

"Anguyo, huyu mugonjwa wa mwisho, fishi yake iko wapi?"

Fishi ni ile kadi ya mgonjwa. Bila fishi hakuna mgonjwa, hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa.

"Fishi haiko hapa, CT."

"Iko wapi?"

"Iko... iko Ariwara."

"Ariwara? Siye tunasoma kambi ya Bule." Akasogeza miwani. "Na ona hapa. Alianza dawa, inapita miaka sita. Ni kifua kikuu gani hii batu banamezea dawa miaka sita? Huyu alipashwa kuwa alishapona ao alishakufa."

Darasa likaanza kucheka kidogo. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Gédéon, yule ninayelala naye chumba kimoja, akainama mbele akasoma zile herufi mbili, na kwa sababu kila siku ananisikia nakulilia wewe na Ariwara usingizini na mchana, akapiga kelele: "CT, ile ni bibi yake!"

Nakuambia hata mlinzi aliyekuwa nje ya dirisha alicheka. Kuna binti mmoja alilala juu ya meza. Nilitamani askari waje waseme tutoke wote tukimbie, Mungu anisamehe, na hapa Bunia hilo si jambo la kutamani.

CT hakucheka. Alingoja wamalize.

"Sawa. Tuseme iko mugonjwa sawa wengine. Anguyo, weye ulimuona anaacha?"

"Apana, CT."

"Nani alimuona?"

"Shofere moja. Alimuona juu ya pikipiki ya mwanaume."

"Kupanda pikipiki njo kuacha bwana? Basi bamama bote ba Bunia balishaacha babwana yabo. Hata miye. Leo nilikuja na pikipiki."

Walicheka tena, na safari hii hata yeye alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka. Akarudi juu ya orodha, akagonga ukuta kwa kalamu, kwenye wanawake wangu wa Bule.

"Na hawa? Hawa uliwaona banaacha?"

"Hawakurudi kuchukua dawa, CT."

"Kambi ilichomwa. Weye ungerudi?"

Nikafungua daftari niandike.

"Sikiya. Kuko mutu anaacha dawa, na kuko mutu amepotea tu ku macho yako. Haiko kitu moja. Mutu akipotea ku macho, unaandika siku ya mwisho ulimuona, unakata mustari pale. Wakati aliikala na dawa unauhesabu, usiutupe. Kisha pale, unanyamaza, juu haujui. Weye umewaandika wote wameacha, njo maana mashini inakuambia bamama njo banaachaka. Bamama njo walikimbia mbele, na batoto mu mugongo!" Akavua miwani. "Tena ile regresio yako inazani hatari iko sawa miezi yote. Mwezi ule kambi inachomwa, iko sawa na mwezi ingine? Enda uwatafute. Na miguu, haiko na mashini. Na ule wa Ariwara, mutoshe mbele ya jua kuingia."

Nilikutoa palepale, mbele ya wote. Nilibonyeza, ukapotea ukutani. Usiniulize nilisikia nini moyoni nilipoona mstari wako unafutika.

Basi tangu siku hiyo natembea. Siku nzima naenda na orodha ya majina mfukoni, kutoka kituo cha afya mpaka kituo cha afya, kutoka familia moja iliyopokea wakimbizi mpaka nyingine, nauliza: mnamjua Jeanne wa Bule? Mnamjua Pascaline? Hakuna anayemjua. Nilianza kufikiri CT amekosea na mimi nilikuwa na haki. Kumbe mjinga ni mimi, mimi ambaye sijakuita Ayikoru tangu siku uliyomzaa Gracia, nakuita Mama Gracia tu. Wanawake wale kule kambini waliandikwa kwa majina ya ubatizo, maana muuguzi wao alikuwa anafuata kadi. Hapa Bunia walifika bila kadi, na mwenye nyumba akampeleka kila mmoja kituoni akisema huyu ni Mama Fulani. Mgonjwa ni yuleyule, dawa ni ileile, hakuruka hata wiki, lakini daftari la kule linasema amepotea na daftari la hapa linasema amezaliwa jana. Nilipoanza kuuliza majina ya watoto, milango ikafunguka.

Jeanne nilimpata nyua tatu kutoka hapa ninapolala. Anaitwa Mama Baraka. Nilikuwa nampita kila asubuhi nikimsalimia. Alikuwa anamenya mihogo, mtoto amelala juu ya kitambaa karibu yake. Nilimweleza mimi ni nani, akafungua pindo la kitenge akanionyesha vidonge vyake vimefungwa kwa fundo. Alikimbia navyo hivyo. Ndoo aliiacha, blanketi aliliacha. Alisema njiani alikuwa anagusa lile fundo kila wakati, na kila asubuhi alimeza bila maji.

Nilifungua daftari langu. Kwenye jina lake kulikuwa na "moja." Nikaifuta mbele yake kwa kifutio, akauliza ninafuta nini. Nikamwambia nilikuwa nimeandika ameacha dawa.

"Juu ya nini uliandika vile? Ulikuja kuniuliza?"

Nikasema sikumwuliza. Kisha, unajua mdomo wangu, nikaendelea. Kwenye fomu kuna swali kuhusu mume. Nikamwuliza wake yuko wapi. Akasema alikwenda kuchimba dhahabu kabla kambi haijachomwa, na hana simu. Nikamwuliza, kama mtu mwenye hekima, haogopi kwamba mume amepata mwingine kule machimboni?

Akaacha kumenya. "Miye sijui. Na weye haujui. Weye uko na bibi?"

"Niko naye. Iko Ariwara. Ananyamaza wiki tisa."

"Alikuona lini mara ya mwisho?"

"Sasa mwaka moja na nusu. Nilipashwa kwenda Noeli, lakini barabara ilifungwa."

Mama Gracia, mwanamke yule alinitazama bila hasira yoyote. Akasema: "Noeli? Noeli miye nilikuwa kandokando ya barabara na batoto, tunangoja mutu wa kutuleta huku. Magari ya konvoi ilikuwa inapanda kwenda Mahagi na Ariwara, mingi mingi. Batu wanaimba, bakuku inafungwa huko juu. Siku mbili. Barabara ilikuwa wazi, papa."

Nilifunga daftari nikamshukuru nikaondoka. Sikumaliza maswali ya fomu.

Nimeandika kurasa nne kufika hapa na ningeweza kuandika nyingine nne kuhusu Ombeni, nina nguvu hiyo. Lakini hiki ndicho nilichokaa kukiandika. Konvoi ya Noeli ilikuwepo. Nilikuwa na nafasi, juu ya magunia, nyuma ya dereva mmoja anayenijua. Nilifika kituoni na begi langu na gauni la Gracia ndani, la rangi ya limau, bado ninalo, sasa nadhani halimtoshi. Nilikaa juu ya begi. Wiki ile matokeo yalikuwa yametoka, na mimi nilikuwa nimeanguka masomo mawili, lazima niyarudie. Wewe nilikuambia kila kitu kinakwenda vizuri. Nikawaza nitakavyoshuka Ariwara, mama yako ataniuliza nimemaliza lini, kanisa zima litaniita dokta kwa utani, na Ombeni atatoka kwenye ile nyumba yake mpya, uliyoniambia kwenye simu kwamba mabati yake yanang'aa mpaka mnafunga macho. Uliisema mara mbili, ile ya mabati. Ningemsalimia nikiwa na vumbi la magunia kichwani na masomo mawili mgongoni. Injini ikawashwa. Dereva akaniita kwa jina. Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani, aende, nitapanda gari linalofuata.

Nilikula Noeli na Gédéon, foufou na makayabo ya samaki wa chumvi, tukisikiliza kwaya ya jirani. Na siku mbili baadaye ulipopiga ukaniambia, "Wengine wote wamefika, weye uko wapi?" nikakuambia barabara imefungwa. Pale nyuma yako walikuwepo watu walioshuka kwenye magari yaleyale, wengine bado wana vumbi. Ndipo ukasema "Sawa." Wiki tisa nimelitafuta neno hilo kwenye kinywa cha Ombeni, na lilikuwa lako, na nilikuwa nalistahili.

Sasa ile barua. Lori la Kasuku halijafika Mahagi. Wenye gari wanasema limesimama katikati ya Djugu, linangoja walinzi, na hakuna ajuaye litangoja mpaka lini. Hii ninayoandika inakwenda na masœur mmoja, mtawa wa parokia, anaruka Alhamisi na ndege ndogo inayotua Aru, hapo jirani na kwenu, na ameniahidi ataifikisha mkononi mwako wewe. Kwa hiyo labda hii itafika kwanza. Nilitaka kukuomba umvizie Kasuku uichukue ile nyingine uichome. Niliandika hivyo na nimefuta, unaona hapo karatasi imechakaa. Usiichome. Niliiandika mimi, na baba yako si mtoto. Akiipokea, kaa karibu naye umsomee na hii, yote, na usiruke mahali pa mabati. Akitaka kuita wazee baada ya hapo, aite, ila aniite mimi nikae katikati, si wewe.

Na kama kuna ukweli kuhusu pikipiki, kama kweli umechoka ukaondoka, niambie wewe mwenyewe. Nitalia, nitatukana, nitavunja kitu cha Gédéon, lakini nitaandika ulichosema wewe. Bila neno lako siandiki kitu tena. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jana tu nilisikia pikipiki inapita hapa Bunia, safari ya siku nzima kutoka kwako, na nikatoka nje kuangalia ni nani. Mwambie Ombeni acheke kwake.

Nisalimie baba yako, mwalimu mstaafu, ambaye pengine hatajibu salamu. Nisalimie mama yako na goti lake. Nisalimie yaya wangu Candiru, dada yangu mkubwa anayeuza nyanya sokoni, mwambie sijakonda anavyodhani. Nisalimie katekista Onzi aliyesimama nasi kanisani siku ya ndoa. Alitusimamia wawili, asichague upande. Gracia mshike masikio yote mawili umbusu katikati, mwambie ni kutoka kwa papa.

Masœur amefika, amekaa nje anangoja nifunge bahasha. Ameniambia konvoi zote zimesimamishwa, tangu jana hakuna gari linalotoka Bunia kwenda kaskazini, na ndege ile ndogo imejaa mpaka Pasaka; nimeuliza mara tatu. Begi langu limefungwa, liko mlangoni. Mama Gracia, nataka kuja, na siwezi kuja kwa sababu barabara imefungwa. Najua hutaniamini. Muulize masœur.

Mume wako, kama bado unaniita hivyo,
Anguyo, Papa Gracia